Santuri inakwaruza: ni uchafu, ni mchubuko, au ni umeme tuli?

Mwezi wa saba mwaka juzi baba mdogo alinipigia simu, hata salamu hakumaliza, akasema njoo Pasiansi (huku kwetu Mwanza) uchukue boksi lako hili kabla mama yako mdogo hajawapa wale wanaopita kununua chupa na vyuma chakavu. Nikaenda. Boksi lenyewe la mafuta ya kupikia, limefungwa kamba ya katani, ndani kuna santuri 61, yaani sahani za muziki za zamani. 43 ni zile ndogo zenye tundu kubwa katikati, za akina Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz na wenzao, LP, zile pana, zilikuwa 12, na chini kabisa zimelala 6 nzito za babu ambazo ukizigonga kwa kucha zinalia kama sahani ya udongo. Zote zilikaa miaka nyuma ya kabati karibu na dirisha la jikoni, kwa hiyo zilishakula moshi wa mkaa, vumbi la barabara, na mabawa ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi halafu giza likiingia wanahamia kwenye taa za watu.

Mi nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya. Nikachukua kipande cha kanga kikavu, nikasugua LP moja mpaka ikang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride, nikaiweka kwenye playa, nikashusha sindano. Tak. Tak-tak. Kimya. Paa! Nikaitoa nikaiinamisha dirishani kuangalia, na hapo ndo nikachanganyikiwa, vumbi limesharudi, hata dakika 5 hazijapita. Halafu wakati naiinua, kile kitambaa cha kwenye sinia ya playa (lile duara linalozungusha santuri) kilipanda nayo, kimeng'ang'ania kama kupe, na vinyweleo vya mkono wangu vikasimama.

Ilinichukua kiangazi kizima kuelewa kwamba kwenye santuri kuna matatizo matatu yanayotoa sauti zinazokaribiana, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya lingine. Watu wengi, na mi nilikuwa mmoja wao, wanayaweka yote kwenye kapu moja la "imechafuka hiyo, ifute".

Tuanze na masikio, maana hayana gharama. LP inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ukipiga hesabu mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.8. Zile ndogo zinazunguka mara 45, mzunguko mmoja ni kama sekunde 1.3. Sasa ukisikia tak... tak... tak... inayofuata huo mpigo kama saa ya ukutani, hiyo ni mchubuko, yaani kitu kilikata mifereji kadhaa (ile mistari myembamba inayopitiwa na sindano) kwa mkupuo na kila sindano ikifika pale inaruka. Mchubuko hauoshwi bana, uzoee tu au uuze. Ukisikia sauti ya mfululizo kama dagaa wanakaangwa kwenye mafuta, chwaaa bila mpigo, huo mara nyingi ni uchafu ndani ya mfereji, na huu ndo unaotibika. Ila ukisikia paa moja hapa, kimya, nyingine kule, na ukirudisha sindano palepale zile paa zimehama sehemu, basi huo ni umeme tuli, yaani chaji iliyokwama juu ya sahani. Kama huamini masikio yako rekodi kwa simu, dakika moja ileile mara mbili, kisha sikiliza moja baada ya nyingine. Uchafu na mchubuko havihami. Umeme unahama. (Kuna na sauti ya nne, ile mmmmm ya chini inayokaa muda wote hata muziki ukiisha, hiyo ni kesi ya waya wa erthi, nitaigusa mbele.)

Mimi aliyenifungua macho ni fundi redio mmoja mzee pale Mlango Mmoja. Nilimpelekea LP ile na malalamiko juu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefuta na nini?"

"Kanga."

"Kavu?"

"Kavu."

Akacheka mpaka akaweka chini waya wa kulehemea. "Basi umeichaji mwenyewe halafu unaniletea mimi."

Akachana karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile nyeupe, vipande vidogo kama punje za mchele, akavimwaga mezani, akashusha santuri juu yake bila kugusa. Vipande vikaruka vikaganda kwenye sahani, vingine vimesimama wima vinatetemeka. Akachukua kitambaa, akakilowesha, akakikamua mpaka kikabaki na ubaridi tu, akazungusha mara moja kufuata mifereji, mbele na nyuma. Akarudia zoezi. Safari hii hakuna karatasi iliyotikisika. Kazi yote haikufika dakika 2 na hakunitoza hata mia, ila alinicheka tena wakati naondoka.

Alichonionyesha ndo kilekile tulichokuwa tunafanya shule ya msingi, kusugua kalamu ya plastiki kichwani halafu inaokota karatasi. Santuri za kisasa, na kisasa hapa naongelea kuanzia LP ya kampuni ya Columbia ya mwaka 1948 na ile ndogo ya mizunguko 45 ya RCA Victor mwaka 1949, zimetengenezwa kwa vinaili, ambayo ni ukoo mmoja na mabomba ya plastiki ambayo fundi bomba anayakata kwa msumeno nyumbani kwako. Plastiki hii ina tabia ya uchoyo, ikisuguana na karatasi, pamba, sufi au ngozi ya mtu inanyang'anya elektroni na inabaki na chaji hasi. Volti zinaweza kufika maelfu, usiogope lakini, wingi wa umeme wenyewe ni mdogo sana ndo maana unasikia mchomo kidogo tu wa kidole na maisha yanaendelea.

Swali ambalo lilinisumbua mimi ni hili, kama ina chaji, si niiguse tu iishe? Ukigusa sufuria yenye chaji inaisha yote mara moja, kwa sababu chuma kinapitisha, umeme wa upande wa pili unakimbia mpaka ulipo mkono. Plastiki haipitishi. Chaji inakaa palepale ilipozaliwa, ukigusa kona moja umeiondoa ya kona ile tu, upande wa pili haina habari na wewe. Kwa hiyo dawa yoyote ya umeme tuli lazima ifike uso mzima, na ndo maana kitambaa chenye unyevu kilifanya kazi, yale maji kidogo yalitandaza kijinjia chembamba cha kupitishia chaji juu ya sahani yote. Mtu mwingine atakwambia mbona santuri ni nyeusi kwa sababu wameweka kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Kweli imewekwa, masizi laini kabisa, ila ni kidogo mno, chembe hazishikani mikono, na njia iliyokatika haipitishi gari.

Sasa unganisha na mji wetu. Mwanza ni mawe, kila mtu anajua, na vumbi letu kwa sehemu kubwa ni mwamba uliosagika. Graniti ina kwatzi ndani yake, na kwatzi ni ngumu kuliko plastiki yoyote. Upana wa mfereji wa LP ni kama mikroni 50 (mikroni ni milimita igawe mara elfu), unywele wa kichwa chako una kama 70, kwa hiyo chembe ambayo wewe huioni kabisa, kwa sindano ni jiwe katikati ya barabara. Na hiyo barabara ni ndefu, upande mmoja wa LP wa dakika 20 mfereji wake ukiunyoosha unapata zaidi ya mita 400, simama golini uwanja wa Kirumba uhesabu viwanja vinne. Sindano inapita humo na uzito wa gramu 2 hivi, gramu 2 sio kitu mkononi ila zikikaa kwenye ncha ndogo kiasi kile zinakuwa shinikizo la ajabu, kila chembe inayokanyagwa inasukumwa kwenye ukuta wa mfereji. Kwa hiyo kufuta pakavu kunafanya mabaya mawili kwa mkono mmoja: unapiga msasa kwa kwatzi, na unachaji sahani ili iite vumbi lingine.

Kuosha basi. Nitaeleza ninavyofanya mimi, kuna watu wana mashine za kunyonya maji na nyingine za mawimbi ya sauti, ni nzuri, bei yake sasa tuwaachie wenyewe.

Adui wa kwanza wa kuosha ni lebo ya katikati, ile ni karatasi, ikilowa inavimba na kuchuja rangi. Nilichukua mifuniko miwili ya makopo ya plastiki yenye upana wa kuzidi sentimita 10 kidogo, maana lebo ya LP ina 10, nikabandika ukingoni kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, nikatoboa katikati, nikapitisha bolti ya spana 10 na nati ya masikio. Santuri inakaa katikati kama sandwichi, unakaza kwa vidole tu, usikaze kama tairi la lori. Hapo unaweza kuishika sahani yote kwenye beseni na lebo inabaki kavu. Zile ndogo za tundu kubwa zinakubali pia, ila hakikisha umeiweka katikati sawasawa kabla ya kukaza, mi mbili za kwanza nilizikosea na lebo moja sasa hivi ina ramani ya Ukerewe.

Maji sasa, na hapa niwe mrefu kidogo kwa sababu ndo watu wanapobishana. Maji ya bomba ya ziwani yameshatibiwa, kuondoa matope mazito ya mwanzo yanafaa kabisa. Tatizo ni yanapokauka. Maji yanaruka, madini yanabaki, na yanabaki wapi? Chini kabisa ya mfereji, kule tone la mwisho lilikojificha. Angalia birika lako, ule ukoko mweupe, sasa upunguze mpaka uingie kwenye mikroni 50. Maji ya kisima ndo usiseme. Na kuchemsha hakutoshi, kuchemsha kunaua vijidudu, madini hayafi, baadhi yanaganda kwenye birika lakini mengine yanabaki kwenye maji. Maji ya chupa ya kunywa nayo yana madini, soma lebo yameandikwa. Maji ya mvua ya kwenye bati yameosha bati kwanza. Ya kwenye kiyoyozi yana ukungu na vumbi la feni. Unachotaka ni maji yaliyoondolewa madini, na sehemu rahisi ya kuyapata ni duka la spea za magari, yale maji ya kuongezea kwenye betri. ILA, na nimeiandika kwa herufi kubwa makusudi, kwenye rafu ileile kuna asidi ya betri, na chupa zinaweza kufanana kama mapacha. Usimwambie muuzaji "nipe ya betri" ukaondoka, soma mwenyewe neno kwa neno, ukiwa na wasiwasi acha. Mi duka la kwanza nililoenda kijana alinipa asidi huku anachati, angenitoa macho.

Kwenye lita moja ya maji hayo naweka matone 5 hivi ya sabuni ya maji ya vyombo, isiyo na losheni ya mikono wala harufu kali kama unaipata. Matone, sio kifuniko. Kazi ya sabuni sio kutoa povu, ni kuyalegeza maji. Maji matupu juu ya vinaili yanajikunja kuwa shanga, hayataki kuingia kwenye mfereji, sabuni inayafanya yatandae yazame. Maktaba ya Bunge la Marekani, wale wenye makusanyo makubwa ya santuri, hawatumii sabuni ya jikoni bali detajenti inaitwa Tergitol kwenye maji yasiyo na madini, tena kidogo mno, akili ni hiyohiyo. Sabuni ya unga isahau. Na chochote utakachoweka lazima ukitoe, sabuni iliyokauka kwenye mfereji ni uchafu mpya umeulipia mwenyewe.

Naanza na kuzungusha sahani chini ya bomba taratibu ili mchanga uondoke bila kuguswa, hii hatua watu wanairuka halafu wanasugua mchanga kwa brashi. Kisha brashi pana ya rangi yenye manyoya laini, mpya, haijawahi kuona rangi, nachovya kwenye maji ya sabuni naiacha sahani imelowa kama dakika 2, halafu napitisha kuzunguka kufuata mifereji. Kuzunguka. Sio kutoka katikati kuja nje, kukata mifereji hivyo ni kuhamisha uchafu kutoka nyumba moja kwenda ya jirani. Ile LP ya kanga, baada ya mizunguko kumi maji ya beseni yakawa rangi ya chai ya rangi, na juu likaelea bawa moja zima la mdudu, limekaa humo labda tangu sijazaliwa. Baada ya hapo nasuuza mara mbili kwa maji ya betri kwa chupa ya kupulizia, nusu lita inatosha santuri tatu ukiwa bahili kama mimi. Kisha naisimamisha kwenye kichanja cha vyombo, kivulini, dirisha limefungwa. Juani hapana kabisa, vinaili inaanza kulainika joto likifika kama nyuzi 60, na sahani nyeusi kwenye jua la saa saba mchana, au ndani ya gari lililofungwa pale Kirumba sokoni, inafika bila shida. Itarudi ina mawimbi kama kanzu isiyopigwa pasi.

Sasa spiriti. Kwenye vinaili watu wengine wanachanganya kidogo alkoholi ya isopropili na maji, robo kushuka chini, wengine hawataki kabisa, mi siitumii kwa sababu sabuni inanitosha na spiriti ya dawa ya madukani huwezi jua imeongezwa nini. Sanitaiza ya mikono ina vitu vya kulainisha ngozi, itakuachia utando. Mafuta ya nazi, mafuta ya taa, silikoni ya dashibodi, zote nimewahi kushauriwa na watu wazima wenye akili zao. Zinang'arisha kweli na kelele zinapungua kwa siku mbili, halafu vumbi linanata humo kama samaki kwenye nyavu.

Ila kuna kosa moja ambalo halina msamaha. Zile 6 nzito za babu, za mizunguko 78, sio vinaili. Hizo ni za shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaokaa kwenye miti huko India, unachanganywa na unga wa mawe na masizi. Ndo kizazi cha santuri ambazo Siti binti Saad alienda kurekodi Bombay mwaka 1928. Shelaki inayeyuka kwenye alkoholi, ndivyo hata mafundi seremala wanavyoitengeneza vanishi yake. Mimi nilikuwa sijui. Nikachukua pamba na spiriti nikafuta moja ya babu, pamba ikatoka nyeusi tii, nikafurahi kweli, nikasema duh huu uchafu, nikafuta tena. Kumbe sio uchafu, ni santuri yenyewe inatoka. Palipopita pamba mng'ao umekufa, pamekuwa kama ubao wa darasani, na muziki wa pale ni mvua tu. Baba mdogo sijamwambia mpaka leo. Hizo zifute kwa kitambaa chenye maji yaleyale ya betri na sabuni kiduchu, haraka, zikaushe mara moja, wala usiziloweke. Na uzuri wake ni kwamba hazina shida kubwa ya umeme tuli.

Kuna na mtindo wa gundi nyeupe ya seremala, unaipaka sahani nzima inakauka unaibandua kama ngozi ya nyoka na uchafu wote. Nimejaribu kwenye ndogo moja iliyokufa. Inafanya kazi aisee, ilitoka safi kuliko brashi. Lakini ule ubanduaji ni kunyang'anyana elektroni kwa nguvu zote, santuri ikatoka na chaji ambayo ilivuta pazia. Kama unafanya, andaa kitambaa cha unyevu pembeni. Na kwenye shelaki usithubutu.

Umeshaosha, imekauka, sasa usiirudishe kwenye mfuko wake wa karatasi wa zamani. Huo mfuko una vumbi la miaka 40, na kila ukiitoa sahani humo ni msuguano wa karatasi na vinaili, yaani umeme tuli unazaliwa pale pale kwenye kutoa. Kuna mifuko maalumu ya plastiki laini ya polithini isiyochaji, watu wanaagiza. Jalada la nje litunze, hasa hizi za kwetu, maana Tanzania enzi hizo kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, sahani nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, kipande kikipotea hakuna wa kukuchapia kingine. Gazeti usifungie, wino unahama. Na zisimame wima kama vitabu, usizilaze.

Umeme tuli una msimu, hili ndo nililolipenda. Hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, utando wa maji usioonekana unakaa juu ya kila kitu na chaji inavuja yenyewe. Ikishuka chini ya asilimia 40 hivi mambo yanaharibika. Kwetu masika na vuli sisikii paa hata moja, mwezi wa sita mpaka wa nane ndo sherehe, hewa kavu, vumbi juu, na sweta la nailoni la asubuhi linalia likivuliwa. Miezi hiyo mi napiga santuri usiku, hewa imepoa na unyevu umepanda kidogo, na kabla ya kushusha sindano naipitishia kitambaa kilichokamuliwa kabisa. Ukiweka unyevu kupita kiasi nao una kesi yake, mwezi wa nne majalada yaliyobanana ukutani yanaota ukungu mweupe, kwa hiyo usije ukamwaga maji chumbani ukasema nimekwambia mimi.

Brashi ya nyuzi za kaboni ndo kifaa kimoja ambacho ningesema nunua. Nyuzi zake zinapitisha umeme, ni maelfu, kwa hiyo zinafika uso mzima, lakini zinatakiwa ziwe na pa kuupeleka, na hapo ni wewe, shika ile sehemu ya chuma ya mpini. Ukishika plastiki tu umeshika ufagio. Sahani inazunguka, gusa kwa wepesi mizunguko miwili mitatu, kisha itelezeshe taratibu kuelekea nje. Kampuni ya Shure mwaka 1978 walitoa katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) yao V15 Type IV yenye kibrashi cha nyuzi hizohizo mbele ya sindano, kinapunguza chaji huku muziki unaendelea. Kuna na bastola inaitwa Zerostat, ukikamua taratibu inatoa ayoni (chembe zenye chaji) chanya, ukiachia hasi, haina betri ndani, ni fuwele inayotoa umeme ikikandamizwa tu. Inafanya kazi ila haiondoi vumbi lililokwishakaa, na usiifyatue karibu na katriji.

Kile kitambaa cha manyoya kwenye sinia ya playa mi nilikitupa. Kinachaji, kinashika vumbi, kinapanda na sahani. Nilimpa fundi viatu kipande cha ngozi nyembamba akanikatia duara la sentimita 29 na tundu katikati, bei ya soda mbili. Kork au mpira navyo vizuri. Mfuniko wa plastiki wa playa usiufute kwa kitambaa kikavu, unauchaji na unakuwa sumaku ya vumbi juu ya kichwa cha santuri.

Na erthi. Ule waya mwembamba unaotoka nyuma ya playa wenye uma mwishoni unafungwa kwenye skrubu ya ampi (kikuza sauti), wengi wanauacha unaning'inia wanadhani ni wa ziada. Ukifungwa ile mmmmm inapungua au inaisha, na chaji inayorukia mkono wa sindano inapata njia ya kutokea bila kupitia spika zako. Haitoi chaji iliyo kwenye sahani, hilo tumeshalisema, sahani haipitishi. Jamaa yangu Nyakato alisikia habari za erthi akaenda kuufunga waya wake kwenye bomba la maji, akanipigia kwamba haijasaidia, nikamuuliza bomba lenyewe la nini. La plastiki.

Bado sindano. Hata santuri iwe safi namna gani, angalia ncha kwa kamera ya simu ukivuta karibu, utakuta kijimpira cha kijivu. Kibrashi kidogo kikavu, kutoka nyuma kuja mbele, upande mmoja tu, usiende mbele ukarudi, utapinda kile kijiti kilichoshika ncha. Juzi umeme ulikatika katikati ya wimbo, sinia ikapunguza mwendo mpaka ikasimama na sindano imelala ndani, nikawasha tochi ya simu niinue mkono wa playa, na kabla sijaugusa wadudu wa ziwani wameshafuata mwanga, watatu wakatua kwenye mfereji. Nikawapuliza. Wawili wakaondoka, wa tatu akaganda, amevutwa na chaji au na unyevu wake mwenyewe sijui, ikabidi nirudishe beseni mezani saa nne usiku.